Hakuna Mtambo Ulioharibika Hombolo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa udhuru wa Mgeni Rasmi ni mimi mwenyewe, waheshimiwa wenyeviti wa vitongoji, mliopo na mliowakilishwa, viongozi wa dini zote, kamati ya maji, kwaya, na ninyi wakulima wa zabibu mliokaa juani, itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Wenzetu wa pwani wana bahari, lakini sisi wa Dodoma tuna upepo unaong'oa bati na bwawa la kuupokea, na ndiyo maana Idara yangu ya Upepo wa Majini ikabuni mradi jumuishi, shirikishi na endelevu wa mitambo ya ofshoo, yaani ile inayofua umeme ikiwa imesimama majini, chini ya ulinzi wa mashine lening, ambayo ni kompyuta iliyofundishwa kuusikiliza mtambo kama daktari anavyosikiliza kifua, ikatuambia utakohoa lini kabla haujakohoa. (Mzee mmoja anakohoa. Vicheko.)

Tangu tuiwashe, ndugu zangu, ufanisi ni asilimia mia moja: hakuna panga lililokatika, hakuna beringi iliyoungua, rekodi ambayo Ulaya wanaiota tu, na nimeyaongoza yote haya kwa unyenyekevu ambao sijauona kwa mtu mwingine. (Makofi. Mama Restuta, mjane wa Zablon, anasimama.)

Mama anauliza umeme wa pampu utafika lini, maana mizabibu aliyoiacha marehemu inakauka na yeye anainywesha kwa ndoo. Pole sana, mama. Zablon namkumbuka, siku ile alinipa zabibu ndani ya kofia yake. (Mama Restuta: "Na kofia hukurudisha.") Suala la pampu liko kwenye mchakato. (Jirani yake: "Kaa tu, dada. Mchakato ukija utatukuta." Vicheko virefu.)

Upepo juu! (Juu.) Takwimu juu! (Juu.) Hombolo tunataka nini? (Mama Restuta: "Pampu." Mkutano wote: "Pampu.")

Nimesikia. Basi nishukuru, na kwa namna ya pekee niwashukuru wataalamu wangu, ambao kompyuta ilipotoa onyo lake la kwanza na la mwisho, kwamba haioni mtambo hata mmoja bwawani, hawakulala mpaka walipoifundisha kunyamaza. Nawe Mama Restuta, endelea kuchota upande wowote wa bwawa unaoupenda; hakuna nguzo ya kukuzuia.