Muuza Kahawa Aliyepakwa Maziwa

Asubuhi hiyo Dokta Redio alifika kijiweni akiwa ameshachemka kabla ya kahawa. Dokta huyu hatibu watu, anatibu redio na simu, na habari yoyote inayopita hewani hutua kwanza masikioni mwake. Hakusalimia. Alijibwaga kwenye benchi lililo mbele ya karakana ya kuziba pancha, akasema:

"Wamemrushia ndizi."

"Nani kamrushia nani?" akauliza Taili, mwenye karakana, tyubu ya baiskeli ikiwa bado inaning'inia shingoni.

"Mchezaji mpira, mweusi mwenzetu, huko ng'ambo. Uwanja mzima unamtolea milio ya nyani. Kijana wa watu katoka anafuta machozi kwa jezi."

Benchi likawaka. Taili akaapa kwamba angekuwapo angepanda jukwaani na spana yake, mtu mmoja mmoja. Mzee Rufaa akatikisa kidole. Huyu alikuwa karani wa mahakama mpaka kustaafu, na tangu hapo hajakubali jambo lolote liishe bila kukatiwa rufaa.

"Hiyo ni kesi. Uwanja wote ushtakiwe. Na wauza tiketi waunganishwe."

"Mtu unamdharauje kwa rangi?" Dokta akauliza. "Kwani rangi aliipangia foleni?"

"Bora sisi, mzee. Huku kwetu mtu ni mtu."

"Kabisa, Taili. Mtu ni mtu." Mzee Rufaa akashusha pumzi, halafu uso ukamchanua. "Halafu sijawaambia, mkwe wangu kajifungua. Mtoto mweupe huyo, jamani, pee. Nywele laini kabisa. Nimemshukuru Mungu, maana kwa upande wetu nilikuwa na wasiwasi."

"Hongera sana, mzee," wakasema Dokta na Taili, kwa furaha ya kweli.

"Mwepusheni na jua," Dokta akaongeza.

Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyeona cha kuchekesha. Muuza kahawa peke yake, kwenye kigoda chake kando ya benchi, aliinua macho, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akarudi kwenye jiko lake. Walimwita Cheusi. Jina hilo walimpa wao, kwa mapenzi, wakasahau kumuuliza la kwake. Hakuwa na mume, wala hakuonekana kuwa na haraka ya kumpata.

Kalamu, aliyekaa nao kwenye benchi hilo hilo, hakusikia habari ya ndizi wala ya mjukuu. Siku nyingine angekuwa wa kwanza kulaani, maana ndiye msomi wa benchi: kazi yake ni kutoa kopi kwenye duka la upande wa pili wa barabara, na wateja wakipungua anaandika riwaya. Leo alikuwa na sura ya kwanza ndani ya shati, imelowa jasho. Mwaka mzima alikuwa anakunywa kahawa inayomchoma kifua, kikombe kwa kikombe, kwa ajili ya mkono unaoimimina. Mpango wake ulikuwa mmoja tu: asome, Cheusi ajitambue mwenyewe, kisha amuulize. Shangazi yake alikuwa tayari kupeleka posa Jumapili.

"Jamani, naomba utulivu," akasema. Sauti ilimtoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Leo nasoma."

"Ile riwaya?" Dokta akauliza.

"Ile ile."

"Ina mapigano?" akauliza Taili.

"Ina mapenzi."

"Basi soma kwa kifupi."

Kalamu akakunjua karatasi.

"'Palikuwa na mwanamke aliyeuza kahawa. Kila alfajiri aliupuliza mkaa polepole, kama mtu anayemwamsha mtoto asimshtue. Kila kikombe alikisuuza mara mbili. Aliyekuja mikono mitupu alimmiminia sawa na aliyelipa. Na alipocheka alifunika mdomo kwa kiganja, kana kwamba kicheko ni siri.'"

Birika likabaki hewani. Cheusi alikuwa anacheka, na kiganja chake kilikuwa kimekwenda chenyewe mdomoni. Taili akampiga Mzee Rufaa kiwiko. Kalamu akaona, akajua kazi imekwisha. Akasoma kwa sauti kubwa zaidi.

"'Ngozi yake ilikuwa nyeupe kama maziwa. Pua nyembamba kama upanga. Na nywele zake zilimwagika mgongoni mpaka kiunoni.'"

Kiganja kikashuka.

"Huyo ni nani?" Cheusi akauliza.

"Ni wewe."

"Mimi?"

"Wewe, dada. Kitabu kizima ni wewe. Na mbele ya mashahidi hawa nilitaka kukuuliza kama shangazi yangu anaweza kuja kwenu Jumapili."

Benchi likalipuka kwa hongera. Mzee Rufaa alikuwa ameshasimama kumpa bwana harusi mkono. Cheusi akaweka birika chini.

"Kaeni kwanza. Anayeposwa ni nani, mimi au huyo wa maziwa?"

"Mtu ni mmoja," akasema Kalamu.

"Kaka, nitazame vizuri. Mimi nina nywele za kiunoni?"

"Ni fasihi hiyo, dada. Msomaji akikutana na mweupe ukurasa wa kwanza anajua huyu ndiye wa kupendwa, anatulia. Nilikuheshimu. Nilikupandisha daraja."

"Ukanipandisha." Cheusi akakaa kwenye kigoda chake, mikono magotini. "Kwenye hicho kitabu kuna mtu mweusi hata mmoja?"

Kalamu akapekua karatasi, ingawa hakuhitaji kupekua.

"Yupo."

"Anafanya nini?"

"Anamtilia mama mkwe sumu."

"Mwingine?"

"Mlinzi wa makaburi."

"Anasema nini?"

"Hasemi. Anakohoa tu."

Hapo Dokta Redio alicheka mpaka kahawa ikampitia puani. Kalamu akahisi masikio yanamuwaka moto. Haikuwa hasira. Alikuwa amemkumbuka mlinzi yule, na namna alivyomwandika bila kufikiri hata dakika moja.

"Jambo dogo hili," Mzee Rufaa akaamua. "Marekebisho ya hati. Toa 'nyeupe kama maziwa', tia 'nyeusi kama' kitu fulani, ndoa iendelee. Kalamu, andika."

Kalamu akachomoa peni, akaiweka juu ya karatasi. Peni ikasimama. Mtu mwenye maneno ya umande, ya kwikwi, ya harufu ya mvua, akatafuta kichwani neno moja la kuisifu ngozi aliyokuwa anaiota usiku, akakuta pakavu.

"Nyeusi kama mkaa," Dokta akajitolea. "Mkaa si ndio unaochemsha kahawa?"

"Mkaa unachafua mikono," akasema Cheusi. "Endeleeni."

"Kama chungu?"

"Chungu cha kupikia au kilichotupwa?"

"Masizi?"

"Dokta, unasifu au unatukana?"

"Nasifu, haki ya Mungu."

"Kama taili," akasema Taili, na macho yakamlegea, maana kwake yeye hakuna sifa iliyo juu ya hiyo. "Taili jipya. Halijagusa barabara."

"Joho la hakimu," akasema Mzee Rufaa. "Lina heshima hilo."

"Mzee, joho hilo lilinipa miezi sita jela," Taili akamkumbusha.

"Usiku wa manane, basi."

"Huo ni wa wezi na mbwa," akasema Dokta.

Walitazama juu, wakatazama paa la karakana, wakatazama vidole vya miguu yao, wanaume wazima wanne, weusi tii wote, wakitafuta. Mwishowe Dokta akapiga paja.

"Maji ya kunde!"

Benchi zima likapumua. Maji ya kunde, ndiyo. Rangi nzuri, ya kistaarabu, haina ubishi.

"Ni nzuri," akasema Cheusi, "ila siyo yangu."

"Tunakusogeza kidogo tu, dada," akasema Dokta.

"Mnisogeze niende wapi?" Sasa sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyowatisha. "Wale wa ng'ambo wamerusha ndizi, tena kwa mtu wasiyempenda. Nyinyi mmenirushia mkaa, chungu, masizi na taili, na hapo wote mnanitakia mema."

Mzee Rufaa alikohoa, akakumbuka mlinzi wa makaburi, akakatisha kikohozi katikati.

Cheusi akamgeukia Kalamu.

"Ulivyosoma habari ya kiganja nilisikia raha, nisikufiche. Hata mimi sikujua kwamba nafanya hivyo. Nikasema moyoni, kumbe kuna mtu ananitazama. Umeona ninavyopuliza moto, umeona ninavyosuuza vikombe. Halafu ulipofika kwenye ngozi ukafumba macho, ukaandika mtu mwingine."

"Nitafuta," akasema Kalamu. "Nafuta sasa hivi, dada, ona." Na kweli akafuta, akafuta mpaka karatasi ikatoboka.

"Futa, kaka. Ila ujue kitu kimoja." Alikuwa ameanza kukusanya vikombe, akivipanga kwenye ndoo bila kuvigonganisha. "Ungeniuliza kavukavu, bila karatasi, ningekwambia shangazi aje. Nilikuwa nimeshakubali tangu kipindi cha mvua. Nilikuwa nangoja uulize."

Akanyanyua jiko kwa mkono mmoja na ndoo kwa mkono mwingine, birika akalibana kwapani, akavuka barabara kwenda kwenye benchi la mafundi cherehani. Huko walisogeana haraka wakampa nafasi.

Kalamu alibaki na karatasi yenye tundu. Aliumia, tena aliumia kwa haki, na lililomuuma zaidi ni kwamba kupitia tundu lile aliyaona magoti yake mwenyewe, meusi kama... Akajaribu kumalizia. Hakuweza.

"Tukate rufaa," akasema Mzee Rufaa, kwa unyonge. Hakuungwa mkono. Dokta Redio akakumbuka kuna simu ya mteja kaiacha kwenye chaja, akaondoka bila kuaga. Mzee naye akasema anakwenda kumwona mjukuu, na hakusema tena yukoje.

Taili akahama kutoka mwisho wa benchi, akaja kukaa karibu na Kalamu. Akamwekea mkono begani, kwa uso wa mtu aliyekuja msibani.

"Pole sana, kaka."

"Asante."

"Yataisha haya. Mungu mkubwa."

"Asante, Taili."

Taili akatazama kulia, akatazama kushoto, akahakikisha hakuna anayesikia.

"Sasa kaka," akanong'ona, "huyu wa maziwa... ana mdogo wake?"