Mtugutu wa Jirani

Jumatatu, 5 Agosti 1912
Maboga yangu hayashiki. Maua yanachanua, yananyauka, yanadondoka. Ng'ambo ya mpaka, kwa mjane Naomi, maboga yamelala kama nguruwe walioshiba! Nami nimeahidi kanisa zima kuleta boga kubwa kuliko yote Jumapili ya mavuno. Zebedayo alicheka. Mimi naye tunawania uzee wa kanisa, mzee atachaguliwa siku hiyo hiyo, na nasikia wazee wa kanisa hawakamatwi kubeba mizigo ya boma la serikali. Mgongo wangu haukuumbwa kwa mizigo.

Jumatano, 7 Agosti
Siri nimeipata! Naomi ana mtugutu, kichaka kirefu kuliko mtu, maua meupe tele. Nyuki, vipepeo, ndege chozi, wote humo. Nyuki wakishiba hapo huingia kwenye maua ya maboga yake. Mke wangu Anyisile anasema nikaombe tawi, litaota. Tawi! Litachanua lini? Nataka nyuki wiki hii.

Ijumaa, 9 Agosti
Naomi kaenda Njisi kwa dada yake. Nimeng'oa kichaka kizima. Mizizi mingi imekatika. Nyuki wameniuma mdomo, jicho na mahali nisipoweza kuandika. Lakini kimesimama shambani kwangu kama bendera ya boma!

Jumatatu, 12 Agosti
Kimekauka. Hakuna nyuki, kwangu wala kwa Naomi. Chozi mmoja alitua kwenye tawi kavu, akageuza kichwa huku na huku, akaenda zake. Nililia. Anyisile alidhani ni lile jicho.

Jumapili, 25 Agosti
Mavuno. Nilipeleka boga la ukubwa wa ngumi. Zebedayo ndiye mzee wa kanisa. Naomi alileta boga lake, akasema ni la mwisho. Tangu mtugutu upotee maua yote yanadondoka, na yeye huishi kwa maboga hayo mpaka mpunga uive. Nilitamani ardhi inimeze.
Nje akanifuata. Kichaka kikavu shambani kwangu anakiona kutoka mlangoni pake.
"Hezroni, mwanangu," akasema, "ungeniomba tu."
Kisha akanipa tawi. Alikata mawili kwa dada yake, moja lake, moja langu. Akasema tupande kila mtu upande wake wa mpaka, nyuki watatulisha sote. Nilisema ndaga, asante, mama.

Jumatano, 28 Agosti
Nimekamatwa. Mizigo ya boma, siku nne kwa miguu. Zebedayo alinipungia mkono.

Jumanne, 5 Agosti 1913
Mitugutu yote miwili imechanua! Lakini nyuki hawana adabu. Wanakunywa kwangu, kisha wanavuka mpaka na kuhudumia maboga ya Naomi. Mchana kweupe! Nimefunika mtugutu wangu kwa tenga kubwa, nikaufunga kwa kamba za migomba. Sasa maua yangu ni yangu.
Anyisile ameuliza nyuki wataingiaje. Nimemwambia asubiri aone.