Simbilisi Mweusi na Mgongo Wangu

Jumatatu, 6 Mei
Viazi vimekomaa. Shamba liko juu mlimani, jembe zito, na mimi nimechoka tangu nizaliwe. Shemeji Fidencio, kaka wa mke wangu, kafika alfajiri kutusaidia. Kiherehere! Nikashika mgongo, nikaugulia. Mke wangu Nicolasa akasema barafu ikishuka kabla hatujamaliza, viazi vitaharibika ardhini. Nikaugulia zaidi.

Jumanne, 7 Mei
Balaa! Nicolasa kamwita Mama Eulogia, mganga. Kesho atanisugua mwili mzima kwa simbilisi dume, mweusi, mmoja wa wanyama wadogo tunaowafuga jikoni kwa nyama, kisha ampasue. Ugonjwa wangu utaonekana ndani ya mnyama. Na kama sina? Nimewaza mpaka kichwa kikapata moto. Jibu: simbilisi mgonjwa!

Jumatano, 8 Mei
Asubuhi. Nicolasa kachagua dume mwenye afya, kamfungia kikapuni, kaenda kuteka maji. Nikanyata jikoni. Kando ya meko, mweusi mmoja kalala ubavu, tumbo limevimba, anahema. Maskini, kama mimi. Huyo huyo! Nikabadilisha.

Jioni. Hata sitaki kuandika. Mama Eulogia kanisugua toka utosini hadi nyayoni. Mnyama akakata roho. Mganga akampasua. Akanitazama tumbo.

"Hongera, Eleuterio mwanangu," akasema. "Una mimba ya watatu."

Fidencio alicheka mpaka akakaa chini, akauliza baba yao nani. Nicolasa hakucheka. Jike yule ndiye aliyezaa vizuri kuliko simbilisi wake wote; wanawe walikuwa wa karamu ya ubatizo wa binti yetu. Hakunitukana. Alichukua jembe, akatoka. Heri angenitukana.

Alhamisi, 9 Mei
Nimechimba viazi kutwa. Nicolasa mbele, mimi nyuma. Vidole vimekufa ganzi. Fidencio kanikataza kuinua gunia, eti nitadhuru watoto. Mshenzi!

Ijumaa, 10 Mei
Mgongo unauma. Safari hii kweli! Nimemwambia Nicolasa.

"Uchungu huo," akajibu. "Mwite mkunga."

Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu juzi. Moyo ukapoa. Lakini nusu ya shamba bado, na bila ushahidi hakuna wa kuniamini. Jumapili Mama Eulogia atapita tena. Nyumbani kwa Fidencio kuna simbilisi mweusi, anachechemea, manyoya yamemnyonyoka. Nimemgeuza, nimemkagua vizuri.

Dume.