Mwongoza Watalii Asiyelijua Duka la Baba Yake

Duka la Viungo la Rasim Güldiken,
Soko la Misri, Eminönü, Istanbul.

Kwa Bwana Mkurugenzi,
Kampuni ya Matembezi ya Nyayo za Masultani.

Bwana Mkurugenzi,

YAH: KUMWONDOA BINTI YANGU KATIKA NJIA YA SOKONI

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, na kama huna, dawa ninayo dukani. Mwajiriwa wako Feraye, ambaye kwa bahati mbaya yenu na yangu ni binti yangu wa kumzaa, kila siku huwapitisha watalii mlangoni kwangu akitoka kuwaonyesha kasri la Topkapı na misikiti ya masultani. Naomba kwa heshima zote aondolewe. Sababu zangu ni hizi:

1. Hanijui. Akifika mlangoni husema, "Kazi iwe nyepesi, bwana," vilevile anavyomwambia muuza samaki wa darajani. Nilipomuuliza nyumbani, alinijibu: "Baba, wageni wakijua wewe ni baba yangu, watasema nimewaleta wachunwe. Niache nifanye kazi bila kuona haya." Kila mwongoza watalii sokoni hapa ana mjomba mwenye duka, na wajomba wengi hawana hata ukoo naye. Huyu wangu ana baba halisi, na anamkana mchana kweupe.

2. Husema kweli mbele ya bidhaa. Kuna mchanganyiko nilioupa jina la Chai ya Sultani. Yeye husimama mbele yake na kutangaza: "Hii hakuna sultani aliyewahi kuionja. Na ile ya tufaha, sisi nyumbani hatuinywi, tunawauzia ninyi." Watalii hucheka, hupiga picha, huondoka. Sisemi ni uongo. Nauliza tu, tangu lini ukweli ukauzwa kwa kilo? Jirani yangu Hikmet, muuza lokum, zile peremende laini za sukari, alicheka mpaka akauegemea mzani wake. "Kikulacho ki nguoni mwako, Rasim," akaniambia, "na nguo yenyewe umeishona kwa mkono wako."

3. Anathamini wafu kuliko wazima. Anawajua mama wa masultani wote kwa majina, nani alimchukia nani, na nani alizikwa wapi. Mama yake mwenyewe, Müzeyyen, goti linamuuma tangu majira ya baridi, na sijasikia akilisimulia goti hilo kwa mtu yeyote. Kwenye kaburi la sultani huwaambia wageni wanyamaze kwa heshima. Kwangu huwaambia waangalie mikoba yao.

4. Chai. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Kila siku mimi humpelekea bilauri ya chai, chai ya kweli, ile ya nyumbani, nje kabisa ya duka ili asichafuke jina. Hurudi imejaa, na kijiko kimelazwa juu yake. Wewe ni mtu wa hapa, unajua kijiko juu ya bilauri husema nini: inatosha, usiniongezee. Inatosha nini, Bwana Mkurugenzi, na hajanywa? Hata yule mshindani wangu aliyeninyang'anya wateja wa mdalasini hunywa chai yangu.

5. Kwa hiyo, aondolewe njia hii na apelekwe ng'ambo ya mji, akawaonyeshe Wajerumani ngome na mabomba ya maji ya kale, ambayo hayana hisia. Na ikishindikana, basi niandikwe mimi katika ratiba yenu miongoni mwa majengo ya kale. Sifa zote ninazo: nina umri, nina nyufa, na wanaopaswa kunitunza hawanitunzi. Angalau hapo atalazimika kusimama mbele yangu na kuwaeleza wageni habari zangu kwa sauti ya upole.

Nisalimie karani wako, dereva wa basi anayeziba njia ya mikokoteni, na wote waliomwajiri binti yangu bila kuniuliza. Mama yake pia anawasalimu, ingawa hajui kwamba nawaandikia.

Ni mimi, mwenye subira iliyobakia kijiko kimoja,
Rasim Güldiken

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, kundi lenu limepita likiongozwa na kijana mmoja aitwaye Korhan. Amewaingiza wote dukani, akaniita mjomba, akawaapia kwamba Chai ya Sultani ilimponya sultani tumbo. Rafu imebaki tupu. Kisha ameketi kwenye kigoda na kuinywa chai niliyokuwa nimemwekea Feraye, na akaomba nyingine. Sijawahi kuuza vile, na sijawahi kuona haya vile.

Sijui kama Feraye amepumzika tu, au kuna mtu amewaletea malalamiko juu yake. Kama yupo, huyo ni mtu asiye na utu, na barua hii ihesabiwe kuwa ni malalamiko dhidi yake. Mrudisheni kesho. Apite tu, aniite bwana, awaambie wageni ukweli wote. Chai nitampelekea hukohuko nje, na ikirudi imejaa, nitaipasha moto nimpelekee tena.