Dawa ya Magoti

Wasee, leo nimeaibika mchana kweupe, hapa hapa Tassia.

Mimi ni dereva wa lori. Naishi orofa ya sita, na lifti hatuna. Miezi miwili iliyopita mke wangu, Ndinda, alichoka na ulevi wangu. Hakunigombeza. Alichukua chupa yangu akampelekea Mama Wambui, jirani wa chini kabisa.

"Ukitaka, shuka. Atakupimia kifuniko kimoja. Ukitaka kingine, panda kwanza mpaka nyumbani, kisha ushuke tena."

Siku ya kwanza nilishuka mara sita. (Kiu ni kiu.) Wiki ya pili, mara tatu. Juzi, mara moja tu, nikarudi nikihema kama lori kuukuu mlimani.

Leo baada ya kanisa nikapata akili. (Ndiyo iliyoniponza.) Kwani lazima kifuniko? Nikabeba jagi. Nishuke mara moja, nimalize kazi!

Nikasukuma mlango bila kubisha. "Mama Wambui! Leo nipimie kwa hili jagi!"

Wamama wa kanisa wamejaa sebuleni, Biblia mapajani. Katikati yao, pasta.

"Unapimiwa nini, ndugu?"

"Dawa."

"Ya nini?"

"Ya... magoti." (Jagi zima!)

"Mama Wambui, ilete tuiombee."

Mama Wambui hawezi kudanganya mbele ya pasta. Akaleta chupa, imefungwa gazeti, macho yake sakafuni. Shosho mmoja, mkongwe kuliko wote, akanyoosha mguu.

"Hata mimi magoti yananiua. Leteni nijipake kidogo."

Akafungua. Akanusa. Akatabasamu.

"Hii naijua. Marehemu mzee wangu alikuwa na magoti mabaya sana!"

Nyumba ikalipuka kwa kicheko! Pasta mwenyewe alijificha nyuma ya Biblia.

Nikageuka nitoroke. Mama Wambui akanishika mkono.

"Msimcheke. Huyu alikuwa anashuka mara sita. Siku hizi ni moja. Mimi ndiye nampimia, najua."

Wakanipigia makofi, mimi! Shosho akanikalisha kando yake, akanimiminia chai.

"Kunywa, mwanangu. Hii haipimwi."

Nimepanda nyumbani nikamweleza Ndinda. Amecheka mpaka machozi, na kicheko kilipoisha machozi yakaendelea. Nikamwambia asante. Sijui kama nimewahi kulisema neno hilo vizuri tangu tuoane.

Sasa pasta anataka Jumapili ijayo nitoe ushuhuda kanisani.

Tafadhali, msije.