Mvinyo Unaopatana na Artichoki

Wenye mikahawa wa Testaccio, mtaa wa Roma, wana kilio kimoja kila majira ya machipuko: artichoki, zile mboga za matumba ya maua yenye magamba, zimejaa sokoni, wateja wanazitaka, na hakuna mvinyo unaopatana nazo. Oreste Cecchetti, aliyekuwa na mapipa mawili ya mvinyo mchachu, alikisikia kilio hicho akacheka peke yake. Mungu hamtupi mja wake, hata asiye na haya.

Siri yake ilikuwa moja. Ukitafuna artichoki mbichi ulimi hudanganyika, na utakachokunywa baadaye, hata maji ya bomba, huwa kitamu. Basi akafunga tai, akajiita mtaalamu wa kuoanisha mvinyo na chakula, akapakia mapipa kwenye kigari cha injini chenye magurudumu matatu alichorithi kwa baba yake. Alikipenda kigari kile kwa dhati. Ndicho kitu pekee alichokipata bila kumdanganya mtu.

Katika kila mkahawa alitafuna artichoki yeye kwanza, ili mwenyeji asimshuku. Pipa la kwanza likaisha kabla ya adhuhuri. La pili akalipeleka kwa Bi Argia, mjane mwenye mkahawa, aliyemenya artichoki miaka sitini.

"Tafuna, mwanangu, usione haya," Bi Argia akamhimiza. "Na nyingine."

"Wewe huli, mama?"

"Meno yangu yamebaki ya kuchekea tu. Hebu, mtaalamu, nionjee pipa la marehemu mume wangu. Litafaa na mwanakondoo wa Pasaka?"

Oreste akaonja. Lo, utamu! Mjane amekalia hazina na hana habari! Akavaa uso wa matanga.

"Si kitu, mama. Ila nakuonea huruma. Tubadilishane mapipa."

"Thubutu! Marehemu atanijia ndotoni."

"Nikuongeze nini?"

Bi Argia akachungulia dirishani. "Soko liko mbali, na magoti yananiuma."

Oreste akakitazama kigari cha baba, akalitazama pipa. Akatoa ufunguo.

Pipa akalisukuma mwenyewe juu ya mawe ya barabara hadi hoteli moja kando ya mto, akaliuze. Njiani alikuwa amekula mkate na kunywa kahawa mbili, na ulimi umerudiwa na akili. Mwenye hoteli akaonja, akatema. Oreste akaonja. Siki! Siki ya kung'arishia masufuria!

Akarudi mbio, akamkuta Bi Argia anachemsha artichoki za kuhifadhi kwa ule mvinyo mchachu aliomwachia.

"Mama, umenitapeli!"

"Mimi? Si umeonja mwenyewe, mtaalamu? Huu wako nao mezani haupatani na artichoki, lakini sufuriani, aa, umekaa!"

"Nirudishie kigari tu. Cha baba yangu!" Oreste alilia, na safari hii machozi yalikuwa ya kweli.

Bi Argia akamwonea huruma kidogo. Akachagua artichoki mbichi nzuri kuliko zote, akamtia mkononi.

"Tafuna vizuri, mwanangu. Halafu ukalionje tena pipa lako."