Okei ya Jumamosi

Jumatatu, 4 Machi

Nimepanda cheo! Dada wa mapokezi amekwenda kujifungua. Asubuhi meneja alitukusanya wafanyakazi wote wa hoteli uani, akauliza nani anajua Kiingereza vizuri. Shemeji, kaka yake mke wangu, yule anayebeba mizigo ya wageni, alikuwa ameshaanza kusafisha koo. Nikanyoosha mikono yote miwili.

Kwaheri chumba cha dobi! Kwaheri pasi, mvuke na mashuka yenye madoa ya watu nisiowajua. Sasa nina kiti chenye mgongo, feni, na kengele ya kubonyeza. Meneja amesema ikifika mwisho wa wiki bila mgeni kulalamika, kiti ni changu moja kwa moja. Akilalamika hata mmoja, narudi kwenye pasi na shemeji anakaa hapa. Shemeji alicheka. Anajua. Tulisoma darasa moja, wote wawili dawati la nyuma.

Niuandike ukweli hapa tu: hata kile Kiingereza cha kuombea maji sina. Nina neno moja. Okei. Lakini nimelichunguza miaka yote niliyopiga pasi nyuma ya mapokezi. Ukilikata fupi, ni ndiyo. Ukilivuta, ni pole sana. Ukilipandisha mwishoni, ni swali. Ukilisema haraka haraka huku unatikisa kichwa, umeelewa shida za mtu tangu enzi za babu yake. Ukilisema huku unainuka, mazungumzo yamekwisha. Na uzuri wake, maana anaichagua msikilizaji mwenyewe. Watu wanahangaika na kamusi nzima za nini?

Naogopa kidogo. Kidogo tu.

Jumanne, 5 Machi

Amekuja mgeni wa kwanza wa kweli. Mama wa makamo, nywele fupi, miwani inaning'inia kifuani, na sanduku la chuma ambalo shemeji alilibeba ngazi nzima akilia. Ndani kulikuwa kunagongana vitu. Vyuma.

Meneja alipomwona akakumbuka simu ya haraka, akajifungia ofisini. Nikabaki peke yangu. Mama akasema maneno mengi. Nikatabasamu meno yote nje, nikakata okei fupi. Akapewa chumba cha juu, akafurahi. Kumbe kazi yenyewe ndiyo hii!

Halafu akageuka, akarudi. Akavaa miwani. Akainama juu ya kaunta, akaniangalia mdomoni. Akaniuliza kitu, polepole, kidole kikinielekea mimi. Nikasema okei. Akauliza tena, kama haamini. Okei, okei! Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, karibu alie.

Nimekubali kitu. Sijui kitu gani. Katika maneno yote yale nilishika moja tu, kwa sababu limeandikwa kwenye kalenda ya Kiingereza ya dobi: Jumamosi.

Jumatano, 6 Machi

Mama wa juu ameniletea zawadi. Mswaki. Mpya, mwekundu, bado uko kwenye karatasi yake. Nikasema okei ya shukrani.

Nilipoufikisha nyumbani, mke wangu aliugeuza-geuza kama ushahidi mahakamani. Akaniambia, baba watoto, mwanamke hampi mwanamume mswaki ila akitaka alale kwake. Nikamwambia ni mambo ya kazi, ya Jumamosi. Akauliza kazi gani ya Jumamosi inayotaka meno masafi. Hata mimi ningependa kujua. Mswaki ameutumia yeye kusugulia viatu vya watoto.

Nimefikiria sana. Labda anataka kunipeleka kwao nikafanye kazi. Labda ana binti. Nilipanga nimtume shemeji akamuulize kijanja, lakini shemeji naye Kiingereza chake ni hichohicho, na ametaka niseme kwanza mbele ya meneja kwamba sijui. Mtu huyu ni nyoka.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimeogopa kweli.

Mama alishuka na kitochi kidogo. Akafungua mdomo wake, akanionyesha nami nifungue. Mbele ya wageni! Nikafungua. Akamulika. Akachukua kalamu yake, akagonga gego langu la nyuma, lile ambalo mwaka mzima nimekuwa nikilikwepa kwa kutafunia upande wa pili. Niliruka mpaka kengele ikalia. Yeye akafurahi! Akamwita mwenzake, bwana mrefu, naye akachungulia, wakapongezana.

Shemeji aliweka mizigo chini, akaniambia taratibu kwamba punda pia hununuliwa hivyohivyo. Humwangalii kwato, unamwangalia meno. Akasema amesikia watu wanachukuliwa wazima wanarudishwa nusu. Akaniuliza figo zangu zote mbili zikoje.

Nikaenda kwa meneja kumwambia Jumamosi nitaumwa. Kabla sijafungua mdomo, akanikumbatia! Kumbe mama amemfuata naye, amemweleza kila kitu, naye ameitikia. Nikamuuliza kwa ujanja, bosi, alisemaje hasa? Akatazama dari. Akasema ni jambo kubwa, la heshima kwa hoteli, na yeye mwenyewe atakuja kukaa mstari wa mbele.

Nilimwangalia machoni. Naye alimjibu mama okei, kama mimi. Naapa, mtu huyu alisema okei!

Ijumaa, 8 Machi

Mpango! Nimemwambia shemeji kwamba nimegundua kesho ni siku ya tuzo, mgeni anamtunuku mfanyakazi mcheshi kuliko wote, na mimi kwa upendo wa kifamilia namwachia nafasi. Tamaa ikamshinda. Akachana nywele, akapanda juu, akatabasamu.

Mama alimulika kitochi, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Shemeji ana meno kama mahindi mabichi, hayana hata doa. Akarudishwa chini. Amenuna, anasema nimemdhalilisha.

Sasa najua jambo moja: huyo mama anawataka wabovu. Sijapata nafuu yoyote kwa kulijua.

Ningeweza kumwambia meneja ukweli leo. Neno moja tu, sijui. Nilifika mpaka mlangoni kwake. Nikasikia pasi za dobi zinafukuta kule nyuma. Nikarudi kwenye feni yangu. Maji nimeshayavulia nguo.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika kwa shida. Mdomo huu nimeuazima, si wangu.

Gari lilitupeleka kwenye ukumbi mkubwa. Vijana wamejaa, wote makoti meupe. Katikati kiti kimoja, cha kulala, na taa juu yake. Mama akaingia amevaa glovu, akafungua lile sanduku la chuma. Koleo. Za kila ukubwa!

Daktari wa meno. Mwalimu wa madaktari wa meno! Na mimi ndiye somo.

Miguu ilikataa kutembea, wakanisaidia kuitembeza. Nililala pale, macho kwenye koleo. Ndipo akaja kijana mkalimani, akaniinamia sikioni, akasema: "Kaka, daktari anauliza kama umeelewa yote. Kama hutaki, si lazima, unaweza kushuka tu."

Mlango wa kutokea, wazi kabisa! Nikageuza kichwa. Mstari wa mbele meneja ameketi na tai yake ya harusi, na pembeni yake shemeji, amenyoosha shingo, anasubiri aone kama mtaalamu wa Kiingereza anatafsiriwa.

Nikamwambia mkalimani kwa sauti ya ukumbi mzima kwamba mimi sihitaji mkalimani. Nikamgeukia mama. Okei.

Sindano ya ganzi ilinipigisha kelele. Gego likatoka. Mama akawaonyesha vijana, akanirudia, akaniuliza kitu kirefu, kidole kwenye jino la jirani. Mkalimani akafungua mdomo. Nikamnyooshea mkono anyamaze. Okei.

Nimerudi nyumbani bila mawili. Ukumbi ulinipigia makofi. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniuguza kwa upole kuliko siku ya harusi yetu. Anasema jino la pembe si dawa ya pengo. Nimemwambia asinitolee methali nikiwa na pamba mdomoni.

Jumatatu, 11 Machi

Kiti ni changu! Meneja ametangaza mbele ya wote kwamba hajaona mtu anayeelewana na wageni namna ile. Shemeji alipiga makofi kwa vidole viwili. Shavu limevimba, ila napumua upepo wa feni na maisha ni matamu.

Mchana ameingia mgeni mpya. Bwana kifua kipana, buti nzito, mizigo imejaa kamba na kofia ngumu za chuma. Meneja akakumbuka simu ya haraka. Bwana akaongea, akaonyesha dirishani, juu kule kwenye mnara wa simu. Akaniangalia. Akauliza.

Okei, nikamwambia.

Akafurahi mno. Akanizungushia kamba kiunoni akapima, akaandika, akaniinua kidogo kutoka chini kama anajaribu uzito. Shemeji akauliza amesema nini. Nikamjibu kwamba mambo haya ni ya watu wanaojua lugha.

Nilishika neno moja tu. Alhamisi.